Nusu Saa Kwenye Kiti cha Abiria

Fundi Leodegar hakufungua nati ya gari lolote kabla ya kukaa kiti cha abiria. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake, na alilishika kwa miaka ishirini na sita katika gereji yake ya mabati pale Sofu, Kibaha, kwa wenye haraka na wasio na haraka. Ukimpelekea gari ukaanza kumweleza ugonjwa wake, alikusikiliza kwa adabu huku akifuta mikono kwa tambara, kisha akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango, akaketi.

"Endesha," alikuambia. "Twende Pangani turudi. Endesha kama unavyoendesha siku zote, mimi nijifanye sipo."

Njiani hakuzungumza. Mikono aliilaza magotini, na macho yake hayakuwa barabarani; yalikuwa kwenye miguu ya dereva. Kwenda Pangani, kata ya hapo hapo Kibaha, na kurudi ilichukua nusu saa. Mkishafika gereji alishuka, akasimama kidogo kama mtu anayekumbuka jina, halafu akakuambia gari lina nini. Mara chache sana alikosea.

Sharti hilo hakulipata darasani. Alipokuwa kijana, amefika karibuni kutoka Mbinga, alishusha gia boksi ya mwalimu mmoja mara mbili ndani ya mwaka, kwa sababu klachi ilikuwa ikiungua. Alifunga mpya, ikaungua. Akafunga nyingine, ikaungua nayo. Jumapili moja mwalimu yule alimpa lifti kwenda kanisani, na Leodegar akaona mguu wa kushoto wa mwalimu umekaa juu ya pedali ya klachi safari nzima, kama kuku aliyeatamia. Ugonjwa haukuwa ndani ya gari. Ulikuwa ndani ya kiatu. Siku ile aliona aibu hata komunyo hakwenda kupokea, na akajiwekea sharti.

"Kwenye gari unasikia hata nati inayopiga chafya," mkewe Stellamaris, muuguzi wa zahanati, alizoea kumtania. "Nyumbani nakuita mara tatu ndipo unageuka."

Miongoni mwa wateja wake wa miaka mingi walikuwa mume na mke kutoka Vihingo, upande wa Kisarawe: Mzee Jumbe na Bi Mwanakheri. Walilima muhogo na mananasi, na walikuwa na pikapu ya zamani ya rangi ya bluu iliyopauka, ya kabureta, yenye umri mkubwa kuliko wana wao wote wanne. Kwa pikapu hiyo walipeleka mazao yao Mlandizi, na kwa pikapu hiyo hiyo majirani walipelekwa hospitali, wakapelekwa harusini, na wengine wakapelekwa makaburini.

Hendibreki ya pikapu ilikufa zamani, na kipuri chake hakikupatikana tena. Mzee Jumbe na mkewe walijitungia dawa. Mwanakheri alikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe la pembe tatu, limelainika kwa kushikwa, na makao yake yalikuwa sakafuni, kati ya miguu yake, limefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Gari likisimama, Mzee Jumbe alizima injini, akatia gia ili gari lishikwe na injini, akaacha mguu kwenye breki. Mwanakheri alishuka na jiwe, akazunguka nyuma, akalitia chini ya tairi, kisha akapiga bodi makofi mawili. Pa, pa. Hapo mzee aliinua mguu akashuka. Walifanya hivyo kila waliposimama, kwa miaka kumi na minne.

Leodegar alikuwa hamwiti Mwanakheri kwa jina.

"Shikamoo hendibreki," alimwambia kila walipofika Sofu.

"Marahaba, mwanangu. Hendibreki imeamka salama, ila magoti yanalia."

"Tuyatie grisi?"

"Grisi yako mtie mume wangu huyu," Mwanakheri alijibu akimwonyesha Mzee Jumbe kwa kidevu. "Usiku anakoroma kama fenibelti iliyolegea."

Na kila walipokuja alimletea nanasi moja, lililochaguliwa, na alimtazama mpaka alinuse mbele yake.

Mwaka jana, mwezi wa tano, masika yakiwa yanaishia, walikuja na pikapu asubuhi ya Jumamosi. Gereji ilikuwa na watu. Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua gereji kijana mmoja aitwaye Hashiru, fundi wa magari mapya, mwenye kompyuta ndogo ambayo aliichomeka chini ya usukani na kusoma ugonjwa wa gari kwa dakika mbili. Hashiru hakuwa mtu mbaya. Alipokosa kazi alivuka barabara akaja kukaa kwenye benchi la Leodegar, na siku ile alikuwa amekaa pamoja na wateja wawili, mmoja wao afisa wa ofisi fulani aliyekuwa akichungulia saa yake kila mara.

Mzee Jumbe alishuka baada ya makofi mawili.

"Fundi, leo nimekuletea wagonjwa wawili ndani ya mwili mmoja," alisema. "Wa kwanza, nikikanyaga mafuta injini inalia kama inakwenda Morogoro, gari lenyewe linatambaa. Mlimani ndiyo kabisa, na harufu ya kuungua juu yake. Wa pili, nikizima haizimiki. Ufunguo huu hapa, nimeushika mkononi, na yenyewe inaendelea kutikisika na kukohoa. Juzi sokoni watu wamesema mzee kafuga jini."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Leodegar naye alicheka, akafuta mikono, akazunguka upande wa kushoto kama kawaida yake. Mwanakheri, aliyekuwa amerudi kitini kupumzisha magoti yake, alikuwa ameshaanza kushuka ampishe.

"Haya, Mzee Leodegar anaomba lifti tena!" Hashiru alisema kwa sauti.

Afisa aliangalia saa yake. "Kumbe hapa mafundi wanalipwa kwa kutalii? Sisi wengine tukae tusubiri mtu akapunge upepo Pangani?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kidogo cha asubuhi, kisicho na ubaya, kinachosahauliwa kabla ya chai kupoa. Lakini Leodegar alikuwa amekisikia kicheko cha namna hiyo mwaka mzima, tangu gereji ya kompyuta ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, na siku ile kilimwingia. Alisimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Kisha akakiachia.

"Kaa tu, mama," alimwambia Mwanakheri. "Hii hata kupanda sihitaji. Hii naijua nikiwa nimesimama."

Aliingia upande wa dereva gari likiwa pale pale. Akawasha, akakanyaga breki kwa mguu wa kulia, akatia gia ya tatu, akaanza kuachia klachi polepole huku kisigino kikigusa mafuta. Klachi iliyo nzima ikiachiwa hivyo, gari likiwa limeshikwa na breki, injini hukabwa ikazimika papo hapo. Hii haikuzimika. Iliendelea kuvuma kama haikuguswa.

"Mmeona?" Leodegar aliwauliza watu wa benchi. "Klachi imekwisha. Inateleza. Injini inazunguka peke yake, nguvu haifiki kwenye matairi. Na hiyo ya kutozimika, silensa, ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama, iko juu mno. Injini ikikaa bure inazunguka kwa kasi, ukizima bado inavuta petroli. Tunaishusha, basi."

"Bila kompyuta!" afisa alisema, na safari hii alicheka kwa kusifu.

Leodegar akajisikia amerudi kuwa kijana.

Mwanakheri, aliyekuwa bado kwenye kiti chake, alimgusa mumewe bega kupitia dirishani. "Mwambie na vile unavyoizima."

"Aa, hilo dogo," Mzee Jumbe alisema, akiwatupia jicho watu wa benchi. Mzee wa miaka sitini na minane hapendi kueleza namna anavyohangaika na gari lake mbele ya vijana.

"Si dogo. Mwambie fundi."

"Mama, tulia," Leodegar alisema, ameshaanza kutafuta spana. "Ugonjwa nimeshaupata."

Alichosema siku ile kilikuwa kweli. Klachi ilikuwa imekwisha, na silensa ilikuwa juu. Lakini ukweli huo ulikuwa nusu, na mtu anayeijua kazi yake akiridhika na nusu ya ukweli kwa sababu watu wanamtazama, ameshatenda kosa hata kama hakuna nati aliyoikaza vibaya. Alifunga pleti mpya ya klachi, akageuza skrubu ya kabureta, na Jumatatu alimpa mzee gari lake. Aliliwasha mbele ya watu, akalizima. Likazimika kama taa. Injini ilikuwa ya baridi, haijatembea hata hatua mia. Gari la kutozimika hujulikana likiwa limepata moto, na Leodegar alilijua jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale Sofu.

Mwezi wa nane Mzee Jumbe alipiga simu.

"Fundi, ile harufu imerudi. Na kuzima, ikishapata moto, imeanza tena kukohoa."

Leodegar alikuwa amelala chali chini ya gari, simu ameibana kwa bega. Hashiru alikuwa amechuchumaa karibu, amekuja kuazima jeki.

"Klachi mpya hunuka, mzee. Inajizoesha. Ukipata nafasi ilete."

"Basi nitaileta tukimaliza kung'oa muhogo."

"Haya mzee. Msalimie hendibreki."

Klachi mpya hunuka wiki moja, labda mbili. Hii ilikuwa na miezi mitatu. Leodegar alilijua hilo hata kabla hajamaliza sentensi yake, akabaki chini ya gari muda kidogo, ameshika spana, hafungui kitu. Alipotoka hakupiga simu tena. Mzee Jumbe naye hakupiga.

Simu iliyofuata kutoka Vihingo ilikuja mwezi wa kumi na moja, na aliyepiga alikuwa Abdala, mdogo wake Mwanakheri.

"Fundi, dada ametutoka. Tunazika leo alasiri."

Leodegar na Stellamaris walikwenda hadi Mlandizi, kisha wakachukua bodaboda kushika njia ya Vihingo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na udongo ulishika matairi. Njia nzima Leodegar hakuuliza Mwanakheri aliugua nini. Stellamaris ndiye aliyeuliza walipofika, na wanawake wakamwambia.

Walikuwa wamepakia muhogo shambani, gunia tisa. Kutoka shambani walipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yao, wakasimama katikati ya mlima kuchukua mananasi yaliyokuwa yamewekwa kando ya njia. Mzee alizima gari. Mwanakheri alishuka na jiwe lake, akazunguka nyuma, akainama kwenye tairi. Jirani aliyekuwa akipalilia karibu hakusikia makofi mawili. Aliona pikapu ikirudi nyuma taratibu, haina kelele, na gunia tisa juu yake. Mwanakheri aliishi mpaka walipofika barabara kubwa, akiwa amelazwa kwenye gari la mtu mwingine, kichwa chake kwenye mapaja ya mumewe.

Baada ya mazishi Leodegar alimkuta Mzee Jumbe amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alipiga magoti mbele yake akampa mkono wa pole. Mzee hakuuachia.

"Fundi, nilitia gia."

"Ndiyo, mzee."

"Miaka yote gari lilishikwa na gia. Nilikuwa hata naweza kuinua mguu kabla hajapiga bodi, na lilisimama kimya. Siku ile niliinua mguu mapema, nifungue mlango nimsaidie, kwa kuwa magoti yalikuwa yanamuuma. Nilikosea, sikungoja makofi. Lakini gia nilitia. Mkono wangu unakumbuka. Kwa nini gari lilitembea?"

Nyuma yao mtu alisema polepole, si polepole kiasi cha kutosikika, "Alisahau. Uzee huo." Aliyesema alikuwa Abdala. Wanaume wengine wakatazama chini.

Leodegar alijua jibu. Lilimjia lote kwa mara moja, pale pale, amepiga magoti kwenye mkeka wa msiba, na likamfunga mdomo. Gari linaloegeshwa kwa gia hushikwa na klachi. Klachi ikiwa inateleza, gia hata uitie kwa mikono miwili, hakuna kinachoshika. Angeweza kuligeukia lile kundi akalisema neno hilo. Alisema, "Mungu akupe subira, mzee," akainuka.

Kwa wiki tano alikaa nalo. Alipokea magari, akakaa kiti cha abiria, akaenda Pangani akarudi, na mara mbili aliwaambia wenye magari kwamba hakuona kitu, wayalete tena. Stellamaris alimtazama bila kumuuliza mpaka siku alipomkuta ameketi uani na nanasi mkononi, limeoza, amelishika tu.

"Baba Wema, sema," alimwambia.

Akasema.

"Yule mzee anajua?"

"Anadhani alisahau gia. Ndugu wa mkewe wanamwambia hivyo kila siku. Mzee alinipigia jana. Abdala amesema siku ya arobaini atatamka mbele ya ukoo kwamba dada yake aliuawa na uzembe wa mumewe. Na mzee mwenyewe ameanza kukubali. Anasema huenda mkono wake ndio unaomdanganya."

"Basi una kazi Vihingo," Stellamaris alisema, akaingia ndani. Hakumwambia neno jingine siku ile, wala hakumwambia kwamba si kosa lake.

Alikwenda siku tatu kabla ya arobaini, peke yake. Polisi walikuwa wameshaikagua pikapu, wakaandika kwamba haina hendibreki, wakairudisha. Ilikuwa nyuma ya nyumba, matairi yamezingirwa na mawe manne makubwa, kama mnyama aliyefungwa. Leodegar aliomba Abdala aitwe. Abdala alikuja na hasira yake, akasimama mbali.

"Mzee Jumbe," Leodegar alisema, "nakuomba uendeshe. Twende mpaka barabara ya Mlandizi turudi. Endesha kama unavyoendesha siku zote."

"Sitaki kuigusa, fundi."

"Najua. Nakuomba."

Mzee alimtazama, kisha akaingia. Leodegar akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango, akaketi. Jiwe lilikuwa pale sakafuni. Mtu alikuwa amelirudisha, limefungwa kwenye kipande chake cha kanga, na ili kukaa ilibidi aiweke miguu yake pande mbili za jiwe kama alivyokuwa akiweka mwenye kiti.

Aliilaza mikono magotini akatazama miguu ya dereva.

Nusu saa ile ilimwonyesha kila kitu. Mguu wa mzee haukuwa na kosa, haukuikalia pedali. Lakini injini ilipanda moto upesi, ikawa inagonga kwenye mlima, dalili kwamba vyumba vya kuchomea petroli vimejaa masizi ya miaka. Masizi hayo yakishapata moto huwaka mekundu kama mkaa kwenye jiko, na petroli ikiingia inashika moto yenyewe, plagi ziwe na umeme zisiwe nao. Ndiyo maana haikuzimika kwa ufunguo. Skrubu ya silensa ilikuwa dawa ya kufunika kidonda.

Walipofika barabara kubwa mzee alisimama, akazima ufunguo. Pikapu ikaendelea kutikisika na kukohoa. Bila kufikiri, kama mtu anayejifuta jasho, Mzee Jumbe alikanyaga breki kwa nguvu, akatia gia ya nne, akaachia klachi kwa mkupuo. Injini ikakabwa, ikagoma, ikavuma kidogo, ikafa. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

"Hivi ndivyo unavyoizima?" Leodegar aliuliza.

"Ndivyo. Tangu mwaka juzi. Marehemu alitaka nikwambie."

"Kila unaposimama?"

"Kila ninaposimama. Nitaizimaje?"

Kila waliposimama, siku ya gulio mara ishirini, klachi ilikuwa ikitumiwa kuikaba injini isiyotaka kufa. Hicho ndicho kilichoila ile ya zamani, na hicho ndicho kilichoila ile mpya kuanzia siku ilipotoka Sofu. Ugonjwa wa pili ndio uliokuwa mama wa ugonjwa wa kwanza. Mtu yeyote aliyekaa kiti hiki kwa nusu saa angeuona, na mwenye kiti alikuwa ameuona, akajaribu kuusema, akaambiwa atulie.

Waliporudi Leodegar alimwomba mzee asimame mahali tambarare, mbele ya Abdala na wanaume watatu waliokuwa wamekusanyika. Mzee alizima kwa namna yake, akaacha gari kwenye gia. Leodegar aliinua boneti.

"Abdala, ndugu yangu, njoo. Weka mkono wako kwenye gia kwanza. Imo au haimo?"

Abdala aliingiza mkono dirishani, akautikisa ule mti wa gia. "Imo."

"Mzee, toa mguu kwenye breki. Sasa nyie watatu sukumeni. Wewe Abdala usisukume, tazama feni hii ya injini. Gari likiwa kwenye gia, klachi ikiwa nzima, tairi haliwezi kuzunguka feni isizunguke. Vimefungwa pamoja."

Wanaume walisukuma. Pikapu ilisita, kisha ikaenda, hatua tano, hatua kumi, laini kama toroli. Feni haikusogea.

Abdala alitazama feni. Akatazama matairi. Akasema wasukume tena, wakasukuma tena.

"Gia ilikuwa ndani," Leodegar alisema. "Mzee hakusahau. Klachi haikushika."

Mzee Jumbe alikuwa ameshuka. Alisimama ameshika mlango, na machozi yalimtoka bila sauti.

"Nilitia gia," alisema. "Mmesikia? Nilitia."

"Na klachi hii nani aliifunga?" Abdala aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

"Klachi ya miezi sita?"

"Inaliwa na ule uzimaji. Nilitakiwa kupanda nione anavyoizima. Kazi yangu huwa naianza hapo. Siku ile watu walinicheka, sikupanda. Dada yako alitaka nielezwe, nikamwambia atulie. Mwezi wa nane mzee alinipigia kwamba inanuka, nikamwambia ni upya wa klachi, na nilijua sivyo. Na siku ya mazishi aliniuliza kwa nini gari lilitembea. Nilijua, nikanyamaza."

Kuku walipita chini ya pikapu. Leodegar alisubiri apigwe, na ingekuwa nafuu kupigwa. Abdala alimgeukia shemeji yake kwanza. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

"Shemeji, nimekukosea. Nisamehe."

"Ulikuwa na uchungu," Mzee Jumbe alisema.

Ndipo Abdala alipomgeukia Leodegar. "Wewe umesema kweli, na kwa hilo sitakugusa. Lakini arobaini usije. Na usirudi hapa."

Leodegar aliitikia kwa kichwa. Alimtazama Mzee Jumbe, akitumaini neno, baya au jema. Mzee aliinama ndani ya gari upande wa kushoto, akalitoa jiwe na kanga yake, akalipakata kifuani kwa mikono yote miwili. Alipita mbele ya Leodegar akaingia nalo ndani ya nyumba.

Pikapu iliuzwa chuma chakavu. Leodegar bado yuko Sofu. Hupanda kila gari, hata lile la kuziba pancha, na wenye haraka wameshamkimbia. Hashiru aliacha utani huo siku alipoelezwa. Sasa yeye mwenyewe hupanda kabla ya kuchomeka kompyuta yake. Msimu wa mananasi ukifika Leodegar hanunui.

Kwenda Pangani na kurudi ni nusu saa. Leodegar aliinyima pikapu ile nusu saa ili asichekwe na watu watatu kwenye benchi. Kwa sababu hiyo Mwanakheri amekufa akiwa na miaka sitini na mmoja, na mumewe alikaa wiki tano akiambiwa kwamba ndiye aliyemuua, mpaka akaanza kuamini.